Nilivyoing'arisha Saa ya Baba

Kama hamkuwa nami tangu mwanzo, msihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mengi yameshafungiwa vitu sokoni, na balaa langu linaelezeka kwa maneno machache.

Baba alifariki akaacha saa ya mfukoni. Aliirithi kwa babu, na babu alipewa siku aliyostaafu kazi ya reli. Katika nyumba yetu, mwenye saa ndiye mwenye neno. Yeye huitia ufunguo kila asubuhi, yeye hufunga kikao cha familia, na akisema basi, inakuwa basi. Ndivyo tulivyomkuta babu, ndivyo alivyofanya baba.

Sasa baba, kwa sababu alizokwenda nazo kaburini, alimruka kaka yangu mkubwa, wakala wa bima, mtu wa tai na ofisi yenye kiyoyozi. Saa akanipa mimi, fundi rangi wa magari, ambaye jina langu la kuzaliwa analitumia mama peke yake. Wengine wote huniita Msasa. Kaka aliumia, na sikumlaumu. Mkubwa kurukwa si jambo dogo.

Halafu saa ikasimama mikononi mwangu. Nikampelekea fundi wa saa wa siku zote wa baba, yule mzee wa kibanda cha chini ya ngazi. Niliporudi kuichukua nikakuta kibanda kimegeuka duka la simu na mzee hajulikani alipo. Nilimtafuta mpaka soli za viatu zikaomba radhi. Nikaja kumpata kwa binti yake, kahamishia meza yake ya kazi huko, na saa inatembea vizuri kabisa. Nikamshukuru Mungu.

Nilishukuru mapema. Kaka alishapata habari kwamba saa imezurura nje, akamwambia mama kwamba huenda nilichorudi nacho si kile nilichoondoka nacho. Mama akaamua. Jumamosi aletwe mtaalamu, aifungue mbele ya wote. Ikiwa ndiyo ileile, mjadala umekwisha na sitaki kusikia tena mtu analeta maneno, alisema. Ikiwa siyo, saa itahamia kwa mkubwa.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni nilivyojipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa nilikuwa gereji nimemaliza kupiga rangi mlango wa gari la mteja. Mikono ilikuwa inawasha kwa kukosa kazi. Nikaitoa saa mfukoni nikaitazama kwa jicho la kazi yangu, na nikaona aibu. Kasha limefifia, limeingia weusi kwenye pembe, kifuniko cha nyuma kimejaa michirizi. Nikajiambia, mtaalamu anakuja nyumbani kwetu, atakuta kitu cha heshima kiko katika hali hii?

Gari likija kwangu na mkwaruzo, sili vizuri mpaka mkwaruzo uondoke. Ndivyo nilivyo. Watu wa mtaa huu huleta magari yao yakiwa na sura ya ajali na huondoka wakijitazama meno kwenye boneti. Sasa iweje saa ya baba yangu iwe na sura ya kikaango?

Nikachukua kompaundi, ile dawa laini ya kung'arishia rangi ya gari. Nikafunga pamba kwenye drili ndogo. Nikaanza.

Nje ilichukua muda mfupi tu. Pale kwenye kifuniko kulikuwa na picha ya treni imechorwa kwa patasi, nayo ilinisumbua kwa sababu uchafu ulikuwa umejificha kwenye magurudumu. Nikakazana mpaka uchafu ukatoka. Magurudumu nayo yalitoka, lakini nikasema si kitu, treni inaonekana bado ukijua kwamba ni treni.

Kisha nikafungua kifuniko cha nyuma, na ndani yake nikakuta maajabu. Mikwaruzo midogomidogo, mingine kama herufi, mingine kama tarakimu, imeparazwa na kitu chenye ncha, kama vile kuku walifanya mkutano humo. Niliwalaani mafundi wote walioigusa saa ile kabla yangu. Watu gani hawa wasiojua kushika kitu cha mtu? Nikaingiza pamba ndani, nikabonyeza drili, nikaondoa mkwaruzo mmoja baada ya mwingine mpaka pakawa safi.

Nilipomaliza niliwaita wenzangu wa gereji waje waone. Walipiga mluzi. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi mchana tukakaa sebuleni kwa mama. Mama kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kaka na shemeji, mke wake, kwenye kochi refu, wamekaa kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mimi kwenye stuli. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, kazi yake kuthamini vitu vya kale. Tumwite Mthamini. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akavaa glavu nyembamba, akachomeka lenzi ndogo jichoni, na wote tukanyamaza kama tuko hospitali.

Kabla ya kuigusa saa alitaka tujue tunachokitazama. Alituambia kwamba zamani saa za mfukoni zilitiwa nguvu kwa kifunguo kidogo cha pembeni, na kikipotea umekwisha, mpaka wakavumbua kile kichwa cha juu cha kuzungusha kwa vidole. Matajiri walizivaa kwenye vizibao na kuacha mnyororo uning'inie, maana bila mnyororo nani angejua unayo? Lakini watu wa reli ndio waliozidai zisiseme uongo. Treni mbili kwenye njia moja na saa mbili zisizopatana ni msiba. Kisha ikaja vita kuu ya kwanza, askari wakaona huwezi kushika bunduki huku unachokora mfuko, wakazifunga saa mkononi. Tangu hapo za mfukoni zikaanza kulala kabatini.

Mama alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Nadhani alikuwa anamwona babu na kizibao chake.

Kaka akauliza kama ni dhahabu. Mthamini akasema hapana, ni kasha la chuma kingine lililovikwa dhahabu juu, na tusihuzunike kwa hilo. Thamani ya saa ya aina hii haiko kwenye dhahabu, alisema. Iko kwenye mashine iliyomo ndani, na kwenye uzee wake. Watu wanaozitafuta hutaka kuuona ule uzee. Saa iliyochakaa kwa heshima wanaigombania, na iliyong'arishwa hawaitaki hata kuishika.

Masikio yangu yakaanza kupata moto.

Akaichukua. Akaigeuza. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nayo huko kitambo.

"Nani ameisugua hii?"

"Mimi," nikasema, na Mungu anisamehe, nilikaa vizuri kitini niliposema. "Kwa mkono wangu."

Akauliza ile picha ilikuwa ya nini. Nikamwambia ni treni. Shemeji akakohoa kwenye kiganja. Mthamini akafungua kifuniko cha nyuma, akatazama ndani, akatoa lenzi jichoni akaifuta, akatazama tena.

"Na humu ndani pia umesugua?"

"Humo ndimo kulikuwa na kazi, dada. Kulijaa mikwaruzo."

Akaiweka lenzi mezani. "Ile haikuwa mikwaruzo, kaka yangu."

Akaeleza kwa sauti ileile ya upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Ni desturi ya mafundi wa saa tangu enzi na enzi. Fundi akifungua saa na kuitengeneza, huparaza alama yake ndani ya kifuniko kwa sindano, pamoja na mwaka na alichokifanya, ili fundi wa baadaye ajue ni nani waliomtangulia. Mwenye saa hahitaji kuziona, ndiyo maana zinawekwa ndani. Kwa mthamini, alama zile ni cheti cha kuzaliwa na daftari la hospitali kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimevichoma vyote.

Niliona haya mpaka nikatamani niwe mdogo wa kutosha chini ya zulia. Hasira ilinijia pia. Miaka ishirini nasifiwa kwa kung'arisha, siku moja nang'arisha cha kwetu, nakuwa mharibifu. Nani aliwahi kuniambia kuna mikwaruzo ya maana? Baba aliishika saa hii maisha yake yote na hakunifungulia nyuma hata mara moja.

"Basi na mashine," kaka akasema. "Hebu tazama mashine yenyewe, dada. Na namba zake."

Mthamini akafungua kifuniko cha pili, kile kinachofunika mashine. Akasoma namba iliyopigwa kwenye kasha. Akasoma namba ya mashine. Akarudia. Akatueleza kwamba kiwanda hiki kilikuwa na utaratibu mmoja tu, kasha na mashine yake kupigwa namba moja, kama pacha wanaovishwa nguo sawa. Hizi hazikufanana. Na mashine hii ni ya hali ya chini, ya zile zilizotengenezwa kwa wingi. Kasha kama hili lilitoka na mashine bora zaidi.

"Kwa hiyo imebadilishwa," kaka akasema.

"Imebadilishwa. Lini, siwezi kusema. Inaweza kuwa mwezi huu, inaweza kuwa kabla hamjaoa. Alama zingeniambia."

Kaka hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kugombea. Alimgeukia mama akasema polepole kwamba mtu hafuti nyayo bure. Saa imekwenda kwa fundi na mdogo wake peke yake, imerudi na utumbo mwingine, na jana yake kabla ya kukaguliwa, mdogo wake huyohuyo amechukua drili akafuta kila kitu ambacho kingesema ukweli. "Simwiti mwizi, mama. Ni ndugu yangu. Ila hesabu inajipiga yenyewe."

Mnajua kitu kinachouma kuliko kusingiziwa? Ni kusingiziwa vizuri. Nilimsikiliza kaka nikaona kwamba hata mimi, kama nisingekuwa mimi, ningeamini.

Nikasema nitampigia fundi. Spika ya simu yangu ilikufa zamani kwa vumbi la gereji, kwa hiyo nikaibana sikioni na kuahidi kurudia kila neno. Mzee akapokea. Nikamweleza tulipofikia. Hakustuka hata kidogo.

"Mbona rahisi," akasema. "Fungueni kifuniko cha nyuma. Alama yangu ipo pale, ya zamani kabisa, na pembeni yake nimeandika namba ya mashine hii hii mnayoiona. Namba na mwaka. Mkisoma hapo mtajua haikubadilishwa juzi."

Nikarudia kwa sauti, maana nilikuwa nimeahidi. Mthamini akainua kifuniko juu, bila ubaya wowote, ili kila mtu aone. Kilikuwa kimeng'aa kweli. Kutoka kwenye stuli nilipokaa nilijiona sura yangu ndani yake.

"Nimeifuta, mzee," nikasema.

"Umeifuta kwa nini?"

"Kwa kompaundi."

"Ya magari?"

"Ya magari."

Nikamsikia akivuta pumzi na kumwita Muumba wake. Ushahidi wa pekee duniani kwamba mimi si mwizi ulikuwa ndani ya kile kifuniko, umekaa salama miaka yote, ukisubiri siku moja tu nitakayouhitaji. Na jana yake nilikuwa nimeuondoa, nikawaita na watu waje waone.

Kaka akauliza mzee anasemaje. Nikamwonyesha kiganja asubiri, kwa sababu mzee alikuwa ameanza tena, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sikiliza, kijana. Nilisema neno hili nitaondoka nalo. Lakini siwezi kuitwa mwizi wa mashine na umri huu. Ile mashine niliibadilisha mimi. Siku nyingi, wewe ulikuwa bado kaptula. Ile nzuri niliichukua nikaiuza mbali, nikaweka hii. Na aliyeniletea saa siku ile hakuwa baba yako. Alikuwa mama yako. Akaniomba mzee asijue, na mzee hakujua."

Nikamtazama mama.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mikono yake, na mikono ilikuwa imeshikana sana mapajani. Hapo nikajua kwamba anajua ninachoambiwa. Pengine alikuwa amejua tangu Mthamini aliposoma namba ya kwanza.

"Anasemaje?" kaka akauliza tena.

Nilikuwa nimeshika kinywani neno moja la kuniokoa. Ningelisema, ningeondoka mle ndani na saa yangu mfukoni. Nikamtazama shemeji anavyosubiri, nikamtazama mgeni na kitambaa chake cheupe, nikamfikiria mama akiulizwa maswali mbele yao, na umri ule, katika nyumba ya mume aliyemficha.

"Mtandao umekatika," nikasema.

Kaka akatabasamu. Nilikuwa nikimsubiri mama. Nilijiambia, nimemfichia, sasa naye atanifichia. Atasema saa ibaki ilipo mpaka fundi apatikane. Atasema tuahirishe. Neno dogo tu, mama yangu hakosi maneno.

Mama akasimama. Akaenda mezani akaichukua saa kwa mikono miwili, akamshukuru Mthamini kwa usumbufu, akatembea mpaka kwa kaka.

"Shika, mwanangu," akasema. "Baba yako alikosea. Mwenzio hakuweza kuitunza."

Sikumbuki mgeni aliaga vipi. Nakumbuka shemeji akiifungua saa na kuifunga, akisifu inavyong'aa. Nilikuwa nimemkasirikia mama, na nasema wazi kwamba sijawahi kumkasirikia hivyo tangu nizaliwe. Angenipiga kibao mbele za watu ingekuwa afadhali.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya sinki amefungua bomba na haoshi chochote.

"Mama, mzee ameniambia," nikasema. "Kila kitu. Na umeniacha."

"Nilimsikia. Yule mzee ana sauti kubwa, na mimi nilikuwa karibu nawe kuliko wao." Akafunga bomba. Akanishukuru kwa kumsitiri, akatumia lile jina langu la kuzaliwa. Kisha akasema kesho nisiende gereji, nimpeleke kwa fundi, amwulize ile mashine alimwuzia nani, na kaka asijue.

Hapo hasira ikanipanda. Nikamwambia siendi. Nikamwambia nimechoka kuwa wa kutumwa kwa siri na wa kuaibishwa hadharani. Anataka twende kwa fundi, basi kwanza arudi sebuleni sasa hivi amwambie kaka nani aliyebadilisha mashine, nirudishiwe saa yangu na jina langu, ndipo twende popote anapotaka.

Sebuleni kaka alikuwa ameshaanza. Tulimsikia akimwambia mkewe kwamba kuanzia sasa vikao vya familia vitafanyika kwake.

Mama alijifuta mikono mikavu kwenye nguo yake. Akasema kwamba mwaka ule kaka alikuwa kijana, ndio kwanza ameajiriwa, na alipoteza mali ya watu kazini kwao. Mwajiri alimpa muda arudishe kabla hajaitwa polisi. Baba alikuwa ameapa kwamba mtoto atakayemtia aibu ya namna hiyo atahama nyumba na hatarudi. Ile mashine ndiyo iliyolipa.

"Kwa hiyo ulimwokoa," nikasema, "na leo hajui kwamba anayemshitaki ni wewe. Mwambie, mama. Akijua atanyamaza."

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sikwenda peke yangu kwa yule fundi," akasema. "Saa aliibeba kaka yako."